Mashine Mapajani

Basi letu la kwenda Iringa lilipopita Igawa, mama wa kiti cha mbele yangu alifunua kitenge mapajani, na kijana wa pembeni yake akaona kilichomo. "Mama, hiyo si mashine ya kuchimba bitcoin, zile pesa za mtandaoni? Mimi ndiyo naenda kununua."

"Na mimi naenda kuirudisha," alijibu mama, aliyesema anaitwa Esnath, wa Soweto, Mbeya. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kueleza. "Inavuma kutwa, na umeme inaokula unazidi inachoingiza. Walioifaidi ni vifaranga wangu, kwa joto lake."

"Labda hukuelekezwa vizuri. Yule muuzaji wa Iringa ni mcha Mungu, aliniombea kwenye simu."

"Hata mimi aliniombea."

Kijana, Vitus, alitazama nje. "Nimeshauza ng'ombe, mama," alisema taratibu.

Iringa, basi liliposimama, Vitus alimshushia mama ile mashine. Hakuiachia. "Basi niuzie wewe. Yule muuzaji anaweza asikurudishie hela."

Esnath aliitoa mikononi mwa kijana. "Asubuhi ningekuuzia, mwanangu," alisema. "Sasa nimeshakujua."