Mwalimu Herman Tluway na Jibu la Kornelia

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliotoka Nambis, mliotoka Dirma na nyie wa hapa Gitting, asanteni kwa kutufikia. Mimi ni Zita, mke wa Evarist, ambaye ni mtoto wa mwisho wa marehemu. Familia imeniambia nisome mimi kwa sababu mwaka huu wa mwisho mchana nilikuwa nakaa naye. Mengine humu aliniambia niyaandike, mengine niliyaona mwenyewe.

Mwalimu Herman Tluway Hhando alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Nambis, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tluway Hhando na mama Marieta. Alibatizwa Desemba mwaka huohuo. Utotoni alichunga ndama na kondoo wa baba yake kama watoto wote wa kule. Alikuwa akituambia kwamba mpaka anafikisha miaka kumi na miwili, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Bahari hakuiona mpaka anakufa. Nasema hili mapema kwa sababu mtaona mbele kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ilihusu nchi iliyo katikati ya bahari.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1967. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu 1971. Januari 1972 alianza kufundisha Mbulu, na mwaka 1986 akahamishiwa hapa Gitting, ambapo alifundisha Jiografia mpaka alipostaafu Agosti 2011. Kwa jumla alisimama mbele ya ubao miaka thelathini na tisa. Wengi mliopo hapa mmepita mikononi mwake, na wachache mmepita pia kwenye fimbo yake, maana hakuwa mpole kama alivyokuja kuwa uzeeni.

Alifunga ndoa na mama yetu Scolastica tarehe 7 Oktoba 1978. Siku ya kwenda kujitambulisha, mzee wa kule alimuuliza ana ng'ombe wangapi. Mwalimu alijibu kwamba anao watatu na ramani moja ya dunia. Mama anasema wale ng'ombe waliisha zamani, ramani ndiyo imebaki, na ipo ukutani mpaka leo. Mungu aliwajalia watoto sita, mmoja akatangulia akiwa mchanga.

Waliosoma kwake wanakumbuka somo la Morisi. Kitabu cha darasa la sita kilikuwa na nchi nyingi, lakini hiyo ndiyo aliyoipenda. Hakuifundishia darasani. Alitoa watoto nje, akachukua majivu jikoni kwa wapishi wa shule, akachora kisiwa kwenye uwanja, mviringo kama yai. Watoto waliokuwa hawajui bahari aliwaambia wachukue Ziwa Balangida, walivute pande zote mpaka ng'ambo isionekane. Aliwaambia nchi ile yote ingeingia ndani ya wilaya ya Hanang na malisho yakabaki. Kuhusu mlima wao mrefu kuliko yote, alisema kilele chake ni mita mia nane na kitu, kwa hiyo mtu aliyesimama sokoni Katesh yuko juu zaidi ya yule aliyepanda mlima wa Morisi. Watoto walijiona wakubwa sana siku hiyo.

Halafu alifika kwenye watu. Alisema zamani kisiwa kile hakikuwa na wenyeji. Wengine walitoka India, wengine Afrika na Madagaska, wengine China, wengine Ufaransa, na wengi hawakwenda kwa kupenda, walipelekwa kufanyishwa kazi kwenye miwa. Leo wapo zaidi ya milioni moja, wana dini zao na lugha zao, na wanakaa pamoja. Hapo aliwaingiza watoto ndani ya majivu, mtoto wa mkulima Mwiraki na mtoto wa mfugaji Mdatoga, bega kwa bega, akawaambia, "Hakuna kutoka. Nje ni maji."

Kila aliyejibu swali sawasawa alisimama mbele na wenzake wakampigia makofi matatu. Siyo mawili, siyo manne. Mwalimu mwenyewe alisimama wima, chaki mkononi, na hakukaa mpaka makofi yaishe. Watoto walikuwa wanayatamani makofi yale kuliko peremende.

Sasa nasema jambo ambalo mwalimu mwenyewe aliagiza lisemwe, na familia imekubali.

Mwaka 1996 darasa la sita lilikuwa na watoto arobaini na watatu. Mmoja wao alikuwa Kornelia, binti wa mzee Gidamis wa Dirma, wafugaji. Alikuwa akikaa hapa Gitting kwa shangazi yake ili asome. Siku ya serikali ya Morisi, mwalimu aliuliza mkuu wa nchi ile ni nani. Kitabu kilisema ni Malkia wa Uingereza, na Gavana Mkuu anayemwakilisha. Kornelia alinyoosha mkono akasema ni Rais. Mwalimu akamuuliza ameyatoa wapi. Akasema amesikia kwenye redio ya baba yake, walipokuwa machungani wakati wa likizo.

Mwalimu alicheka. Alimwambia, "Redio ya machungani inasikilizwa na ng'ombe. Kaa chini." Darasa zima likacheka naye. Abel, aliyekuwa kiranja, akamwita Rais wa Ng'ombe, na jina likashika. Walimwita hivyo kisimani, walimwita kanisani, walimpigia saluti akipita. Baada ya wiki mbili Kornelia hakuonekana tena shuleni. Baada ya mwezi familia yao ikahama na mifugo, na watu wakasema aliacha kwa sababu ya kuhama. Mwalimu naye aliamini hivyo, maana ilikuwa rahisi kuamini.

Mwaka 2001 vililetwa vitabu vipya. Mwalimu alivifungua ofisini, na kitu cha kwanza alichotafuta ni Morisi yake. Akasoma kwamba tangu tarehe 12 Machi 1992 nchi ile ni jamhuri. Wana Rais, anachaguliwa na Bunge lao, na anayeendesha serikali ni Waziri Mkuu. Kile kitabu chake cha zamani kilichapwa 1984. Alikuwa amefundisha kosa kwa miaka tisa, na mtoto pekee aliyekuwa na jibu alimkalisha chini.

Mama Scolastica anasema siku hiyo alirudi nyumbani hakula. Alimuuliza kama kuna msiba. Akajibu, "Kuna mtoto wa Gidamis."

Kesho yake alisahihisha darasa alilokuwa nalo. Halafu akachukua rejista za nyuma, akaandika majina yote ya waliosoma darasa la sita tangu 1992, kwenye daftari moja la jalada la bluu, na akaanza kuwatafuta. Hapa wengi mtacheka, na mwalimu hakukataa watu wakicheka. Aliwasimamisha kwenye mnada, harusini, nje ya kanisa. Abel, ambaye siku hizi ana bucha Katesh, alikutwa mnadani amemshika mbuzi kwa kamba.

"Abel, Morisi inaongozwa na nani?"

"Malkia, mwalimu."

"Siyo. Ni jamhuri, tangu tisini na mbili. Nilikudanganya, nisamehe."

Abel anasema alibaki pale na mbuzi wake, hajui aseme marahaba au aseme pole. Mwalimu alitoa kalamu, akaweka tiki kwenye jina lake, akaondoka. Toka hapo watu wakaanza kumwita Mwalimu Morisi.

Daftari lile lilijaa tiki. Waliofariki aliwawekea msalaba, na alikwenda kwa wazazi wao. Jina moja lilibaki tupu. Mwaka 2002 alienda Dirma kwa baiskeli. Aliambiwa boma la Gidamis limehamia upande wa Singida. Mwaka 2009 alikwenda tena, akakuta wazee wamekaa, akawaeleza habari yote. Mzee mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza huyo Malkia alimwibia nini hata amfuate mpaka huko. Walimpa maziwa, lakini habari za Kornelia hawakuwa nazo.

Mimi niliolewa hapa mwaka 2019. Nilizoea kumwona akifungua daftari jioni baada ya sala, anatazama ukurasa mmoja, anafunga. Mwanangu Doris alipoanza kutembea, babu alimchorea Morisi uani kwa majivu. Doris alikaa katikati akala nchi. Babu alimpangusa mdomo, akachora tena.

Septemba 2024 mwalimu alianza kulalamika kifua na kuvimba miguu. Alipelekwa hospitali, akaonekana ana tatizo la moyo, akapewa dawa na kurudi nyumbani. Alikwenda na kurudi mara nne. Kuanzia Pasaka ya mwaka huu hakuweza tena kufika kanisani, na Komunyo ilimfuata hapahapa. Hakulalamika sana. Alichokuwa akiuliza ni kama kuna mtu ametoka Dirma.

Mwezi wa tano nilimpeleka mtoto wangu mdogo kliniki. Kwenye benchi la mizani nilikaa na mama mmoja kijana wa Kidatoga, anaitwa Juliana. Mtoto wake alilia nikamshikia wakati anamvua. Tukaongea mambo ya watoto, meno, kuharisha. Akasema mama yake hucheka akimwona anakuja kliniki ya Gitting, maana yeye alisoma Gitting, akaishia la sita. Nikamuuliza mama yake anaitwa nani. Akasema, Kornelia Gidamis. Nikaulizia wanakaa wapi. Akasema wamerudi Dirma, huu ni mwaka wa nne, akanipa namba ya simu ya mama yake.

Jioni tulipiga simu, tukaiweka sauti ya nje, kwa sababu mwalimu alikuwa hawezi kuishika. Nayaandika maneno yao kama nilivyoyasikia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kornelia, mwaka tisini na sita ulisema Morisi ina Rais. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Tulisikia ndama upande wa pili.

"Hayo nilishasahau, mwalimu."

"Mimi sijasahau."

Halafu Kornelia akasema, taratibu, "Walikuwa wananiita Rais wa Ng'ombe. Baba akanipiga kwa kuacha shule, sikumwambia sababu."

Mwalimu alifumba macho. Mama alimshika mkono. Halafu mwalimu alisema kosa alilifanya mbele ya darasa, kwa hiyo kulimaliza kwenye simu haitoshi. Alimuomba Kornelia aje, naye atawaita wenzake wote anaoweza kuwapata, wakae uani, amsimamishe mbele yao. Kornelia alisema atakuja mahindi yakishavunwa. Wakapanga siku. Mwalimu mwenyewe alichagua: Jumamosi, tarehe 21 Juni.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kazi. Evarist alipiga simu, mimi niliandika majina. Tulipata kumi na tisa wa darasa lile. Koti lake la kijivu alitaka lipigwe pasi mapema, likatundikwa mlangoni. Wiki ya mwisho, pumzi ilipokuwa fupi, aliniambia nilete karatasi, akasema nami nikaandika. Nikamwambia, "Baba, utasema mwenyewe Jumamosi." Akasema, "Andika tu, mwalimu huandaa somo kabla."

Mwalimu Herman alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mama akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Familia ilipokaa kupanga siku ya mazishi, hakuna aliyebishana. Leo ni Jumamosi tarehe 21. Koti la kijivu ndilo alilovaa.

Mwalimu ameacha mjane, mama Scolastica; watoto watano, Gervasi, Gaudensia, Marieta, Qamara na Evarist; wakwe, wajukuu kumi na wanne, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya ndogondogo iliyosali nasi kila jioni, na majirani waliotuvunia mahindi wakati sisi tuko hospitali.

Karatasi yake ninayo hapa. Baba Padri ametuambia tunaweza kufanya alivyoagiza, kabla hatujaushusha mwili. Aliandikisha hivi:

"Darasa la sita, mwaka 1996. Swali lilikuwa, mkuu wa nchi ya Morisi ni nani. Kornelia Gidamis alijibu ni Rais. Nilimcheka, nanyi mkamcheka kwa sababu mimi mwalimu wenu nilianza. Kornelia, jibu lako ni sahihi, na lilikuwa sahihi siku ileile. Nakuomba msamaha mbele ya wenzako. Kiranja Abel, simamisha darasa. Makofi matatu."

Kornelia amekuja. Amekaa pale nyuma na binti yake Juliana, amejifunga shuka jekundu. Mama Juliana, tunakuomba upite mbele. Na wale kumi na tisa, pamoja na Abel, tunaomba msimame.

Mwalimu alikuwa hakai mpaka makofi yaishe. Yakiisha, tutamlaza.

Apumzike sasa kwa amani, na Bwana aliyempa watoto wengi hivi ampokee kama mtoto.