Dakika Tano Ghorofa ya Kumi

Benchi liko mbele ya kinyozi. Ng'ambo ya barabara lipo jengo la ghorofa kumi lenye mlango wa kioo, na ukiwa umekaa unaona mpaka ndani: meza ya mlinzi, ngazi upande wa kushoto, lifti upande wa kulia, na juu ya mlango wa lifti namba nyekundu inayoonyesha imefika wapi. Asubuhi ile namba ilipanda mpaka kumi ikatulia. Waliopanda lifti ni wenye jengo, waliokuwa na kikao. Fundi wa lifti hiyo, tunayemwita Kimya, alipanda ngazi. Alikuwa amepewa dakika tano awaambie kwamba kamba za chuma zinazobeba lifti zimeanza kukatika, na kwamba lazima isimame wiki mbili zibadilishwe. Ripoti alikwisha kuandika nne. Mwaka jana alisimama mbele ya watu hao hao, maneno yakamkwama, akakaa. Miezi mitatu iliyopita alijiunga na klabu ya watu wanaojifunza kuzungumza hadharani.

Breki: Saa ngapi sasa?

Wembe: Umeuliza sasa hivi tu.

Breki: Saa hubadilika, kaka.

Mama Kahawa: Saa nne na dakika mbili. Kunywa.

Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, lakini mdomo wake bado uko barabarani. Wembe ndiye kinyozi mwenye benchi. Mama Kahawa anauza kahawa mwisho wa benchi, na kando ya jiko lake liko kopo la bati. Kule kwenye klabu kuna mtu anakaa na kengele. Ukisema "yaani" au "eee" anaigonga. Sisi kengele hatuna. Wiki tatu Kimya alisimama mbele ya benchi akifanya mazoezi, na Mama Kahawa akawa anaangusha punje ya kahawa koponi kila neno la kujazia nafasi lilipomtoka. Siku ya kwanza, punje arobaini na moja. Breki naye akataka ajaribu, akafikisha sitini na tatu, akainua mikono juu. Alidhani zinahesabiwa kama mabao. Jana jioni Kimya alipata mbili.

Wembe: Ile klabu naijua mimi. Wanakutana kila Jumatano kwenye darasa la chekechea. Mameneja wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yanagusa masikio.

Breki: Ndiyo siri yenyewe. Ukishazoea kuongea na magoti masikioni, mwenyekiti wa bodi atakutisha nini?

Wembe: Wanafundishwa kumtazama mtu kwenye paji la uso. Macho yanatisha. Paji halimtishi mtu.

Breki: Hilo ni somo la kwanza. La pili, wanahutubia ukuta mpaka uitikie.

Mama Kahawa: Ukuta gani unaitikia, baba?

Breki: Wa jirani yangu unaitikia kila nikikoroma.

Wembe: Yuko mmoja alihitimu pale. Alipewa nafasi aseme neno msibani, nusura marehemu aamke apige makofi.

Breki: Huyo cha mtoto. Mwingine lori lilimzimikia mlimani. Boneti hakugusa. Alisimama mbele yake, akalipatia lile lori hoja tatu na hitimisho. Likawaka.

Mama Kahawa: Ulikuwepo?

Breki: Lori lilikuwa langu.

Wembe: Basi Kimya tumwachie Mungu.

Breki: Mimi nina wasiwasi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Maana yake ukitaka kusikika, usijaze mambo kichwani. Kimya kichwa chake kimejaa.

Saa nne na robo, namba nyekundu bado ilikuwa kumi.

Mama Kahawa: Dakika tano zimepita zamani.

Wembe: Wamemkalisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo nimeusikia.

Breki: Ule ulikuwa mfuko wa saruji umeshushwa pale dukani.

Mama Kahawa aliongeza makaa ambayo jiko halikuyahitaji.

Mama Kahawa: Binti yangu yuko ghorofa ya saba. Anapanda kile kidude mara sita kwa siku. Nimemwambia atumie ngazi, ananionyesha viatu vyake vya visigino virefu.

Ndipo mlinzi aliponyanyuka. Alisikiliza simu, akatoa mnyororo kwenye droo, akaufunga mbele ya lifti. Muda ukapita. Kwenye ngazi ikatokea miguu, kisha tumbo, kisha mwenyekiti wa bodi mzima mzima, koti mkononi, shati limelowa, ameshika reli ya ngazi kama mtu anayeshuka mtumbwini. Nyuma yake wakafuata sita wengine, wanahema. Wa mwisho alikuwa Kimya, na mkononi alikuwa na ufunguo wa lifti.

Breki alisimama kikombe kikamwagika.

Breki: Wanatembea. Wembe, wakubwa wanatembea kwa miguu.

Wembe: Naona. Na mmoja amevua viatu.

Kimya alivuka barabara, akakaa mahali pake. Mama Kahawa alimmiminia kabla hajaomba.

Wembe: Sema, mwanangu. Usitusomee ripoti.

Kimya: Nilisimama. Nikawatazama kwenye paji la uso.

Wembe: Nilisema mimi.

Kimya: Nikatoa bahasha, nikamwaga mezani nyuzi za chuma. Nikawaambia, hizi zimekatika kwenye kamba za lifti, nimeziokota mwezi huu juu ya kibanda chake cha kubebea watu. Halafu nikanyamaza.

Breki: Ulisahau?

Kimya: Nilinyamaza makusudi. Klabu wanasema ukishaweka jambo mezani, liache lizungumze. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mmoja akauchukua uzi akaupinda, ukavunjika.

Mama Kahawa: Wakasemaje?

Kimya: Mwenyekiti akaanza habari za wapangaji, watalalamika, bajeti, mwakani. Nikamsubiri amalize. Nikasema, nina swali moja kisha nikae: kikao kikiisha, nani kati yenu atashuka na lifti?

Wembe: Nani?

Kimya: Haukunyanyuka mkono. Wakaulizana nusu saa nzima kwa macho. Kwangu ilikuwa kama nusu saa. Kisha mwenyekiti akaniambia, fundi, chukua wiki mbili, na ukihitaji ya tatu, chukua.

Breki akampiga mgongoni kwa nguvu za kufungulia tairi. Wembe akatangaza kwamba kichwa cha Kimya kitanyolewa bure mpaka mwisho wa mwaka, akafikiri, akasema mpaka mwisho wa mwezi.

Mama Kahawa: Na "yaani"? Ngapi?

Kimya: Sikusema hata moja. Mwenyekiti alisema saba. Nilimhesabia.

Mama Kahawa alikamata kopo, akaligeuza, akalipiga kitako kama ngoma. Punje zote zilizobaki zikamwagika barabarani, na kwa muda benchi zima lilikuwa likiongea kwa pamoja bila mtu kumsikiliza mwenzake. Breki alikuwa amekwisha kuamua kwamba kazi hiyo imefanywa na benchi, na klabu imesaidia tu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka kuzuiwa na mlinzi asipande lifti alifika na bahasha ya picha ya eksirei. Alikuwa akienda kwa daktari wa meno ghorofa ya sita. Aliomba kahawa, anywe kwanza ndipo aanze ngazi.

Breki: Usinung'unike, dada. Unamwona huyu? Leo amewaokoa watu kwa dakika tano.

Mwanamke: Nimesikia kwa mlinzi. Hongera, fundi. Nyinyi mko hapa kila siku?

Breki: Mwaka wa kumi na moja huu. Benchi hili halinyamazi.

Mwanamke: Na mlijua kwamba lifti ni mbovu?

Wembe: Mtaa mzima ulijua.

Mwanamke: Sasa kwa nini mlimwachia aseme yule tu asiyejua kusema?

Aliuliza bila ukali, kama anavyouliza mtu bei. Wembe akalitazama duka lake. Mama Kahawa akainua buli kummiminia; likatoa matone matatu, likaisha. Kimya aliinamia kikombe chake ili asionekane anatabasamu. Breki akavuta pumzi, akanyoosha kidole kama msemaji.

Breki: Unajua, dada, yaani...

Mama Kahawa akainama, akaokota punje moja barabarani, akaiangusha koponi.