Chambo cha Ida

Benchi la nje ya hospitali ya Mkomaindo, Masasi, lina miguu mitatu na tofali moja, na tofali ndilo linalotegemewa. Jumamosi hiyo ya mwaka tisini na sita, soko huria likiwa limeruhusu kila kitu na maneno kuzidi vyote, Basil wa Lisekese aliketi upande wa tofali, barua ya bintiye gotini. Ida alikuwa mwaka wa nne Uingereza, akisomea protini zilizomo ndani ya chembe hai, na sasa aliomba baraka za baba aongeze miaka miwili. Mama yake alishasema neno moja tu: arudi. Posta ingefungwa saa sita mchana. Basil, mtu wa mikorosho asiyependa kukataa asichokielewa, alitaka kwanza kuielewa hiyo kazi, ndipo akakosea kuwauliza wenye benchi: Vitalis, tarishi mstaafu aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na Sadallah wa mitumba, maarufu kama Soko Huria.

— Protini ni maharage, — Redio alidakia. — Kunde, dagaa, mayai. Nilisoma darasa la nne. Miaka minne mtoto anasomea maharage!

— Si hizo za sahani, bwana, — alisema Basil. — Anasema zimo mwilini, maelfu kwa maelfu, na ni nadra moja kufanya kazi peke yake. Lazima ishikane na mwenzake. Yeye anachora ramani: nani anashikana na nani.

— Umbea! — Soko Huria alijipiga paja. — Wazungu wanausomea chuo kikuu, na Redio hapa anautoa bure!

— Na vitu vidogo hivyo anavionaje? — aliuliza Redio, akijifanya hajasikia.

Basil alisoma taratibu: “Hatuzioni, baba, tunazitega. Moja tunaifanya chambo, tunaiweka ndani ya hamira. Ni kama chambo kimefungwa kiberiti, na kila protini nyingine imefungwa njiti. Zikishikana, moto unawaka: hamira inageuka buluu.”

— Hamira ya maandazi?

— Hiyohiyo.

— Basi huo ni mtego wa panya! — Redio alisimama. — Newala mtoto wa miaka saba anategea panya kwa karanga, wala hajapanda ndege. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.

— Hiyo methali inahusu nini hapo? — aliuliza Soko Huria.

— Inahusu panya.

Basil aliendelea kueleza. Tatizo, Ida aliandika, mtego unadanganya. Protini mbili ambazo mwilini hazionani kabisa, ndani ya hamira zinabanwa chumba kimoja, zinashikana tu. Kwa hiyo lazima ahakikishe kwa njia nyingine: anaivuta moja kama kwa ndoano, anaosha na kuosha, kisha anaangalia ipi bado imeing'ang'ania.

— Hiyo hata mimi naiweza, — alisema Soko Huria. — Nenda kilabu cha pombe ya uraka, mkamate Redio mguu, mburute mpaka barabarani mvua inanyesha. Atakayekuwa bado kamshika ndiye rafiki yake wa kweli.

— Nitabaki na nani?

— Na kikombe.

— Acha fiksi! Mimi ningemwaga gundi, — alisema Redio. — Msimu wa korosho, saa nne asubuhi, kituoni. Kila mnunuzi agande na aliyemshika mkono. Hapo tutajua nani anapanga bei na nani!

— Hata hilo limo, — alisema Basil kwa mshangao. — Kuna dawa ya kuzigandisha zikiwa zimeshikana.

Redio alivimba kichwa. Ukipata gundi ya kutosha, alisema, unaigandisha Masasi nzima, na mahakama zote zinafungwa.

— Abaki! — aliamua Soko Huria. — Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maana yake abaki hukohuko omo.

Basil alitoa kalamu, akaandika: “Kaa, mwanangu, umalize ramani.”

Mwanamke mmoja alitoka geti la hospitali, chupa ya chai mkononi, bakuli tupu kwapani.

— Shikamooni, baba zangu. Naomba nisubirie gari la Newala hapa.

— Marahaba, mama. Karibu, ila usiguse tofali.

Alikuwa Kibibi wa Makote. Siku ya tisa hiyo akimpelekea mama yake uji wodini. Redio alimweleza habari ya Ida yote, na gundi akaongeza. Kibibi alisikiliza mpaka mwisho.

— Na yeye akiugua huko, nani anampelekea uji?

Redio alimgeukia Soko Huria.

— Huko kuna hospitali… — alianza Soko Huria.

— Hospitali hata hapa ipo, baba.

Basil alizipekua kurasa zote sita. Hamira ilikuwa na jina. Chambo kilikuwa na jina na namba. Mtu hakuwemo hata mmoja. Ukurasa wa mwisho Ida aliandika: “Jumapili nakuwa peke yangu maabara, kimya kizuri.” Basil alikuwa ameisoma mara nne akijivunia bidii ya mwanawe. Sasa ilimchoma, akajionea aibu.

Muuza kahawa wa pale getini aliinamisha birika awamiminie, likatoa tope la machicha. Basil alikata alichoandika, akaandika mstari mmoja chini yake, akainuka. Benchi likayumba.

— Umemjibu nini? — aliuliza Redio. — Abaki au arudi?

— Sijamjibu, — alisema Basil, akielekea posta. — Nimemuuliza habari ya uji.