Mama Ncha, Aliyenoa Biti za Mtaa Mzima

Tunausoma wasifu huu tukiwa bado tumeduwaa. Ijumaa tulikuwa tukicheka naye. Leo tunapaswa kumwita marehemu, na ulimi unakataa.

Dada yetu, aliyejulikana na wengi kama Mama Ncha, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshona mashuka, katika nyumba iliyopakana ukuta na kiwanda cha mbao. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alibembelezwa na msumeno: mashine zikizimwa, ndipo anaanza kulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972, akamaliza sekondari ya wasichana 1983. Alipenda hesabu na kuchukia cherehani, jambo lililomuuma mama kwelikweli.

Mwaka 1984 aliajiriwa kutunza stoo ya vifaa katika karakana ya samani. Huko alimkuta seremala mmoja kijana amelalia drili kwa uzito wake wote, moshi unafuka.

"Kaka, hapo hutoboi, unachoma," alimwambia.

"Mbao ngumu hii, dada."

"Usiisingizie mbao. Biti yako butu."

Aliichomoa biti, ile ncha ya chuma inayotoboa, akainoa, akamrudishia. Safari hii ilizama kama kwenye sabuni. Tangu siku hiyo biti za seremala yule zikawa zinaisha makali upesi ajabu, na kila mara lazima azipeleke stoo mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987.

Alipostaafu mwaka 2019, alikigeuza chumba cha nyuma ya jiko kuwa karakana yake: meza, jiwe la umeme la kunolea, kopo la maji na taa. Mafundi wa mtaa wakaacha kutupa biti butu. Alizizungusha taratibu kwenye jiwe, akazichovya majini kabla chuma hakijageuka buluu kwa joto na kulainika, kisha akaziinua kwenye mwanga kuona kama pande mbili za ncha zimelingana. Zisipolingana alianza upya, hata kama mwenye mali amesimama mlangoni analalamika kachelewa.

Shemeji yetu hakuwa na raha na cheche zile. Alimnunulia miwani, akampiga marufuku kuvaa mtandio humo ndani, na mashine ikinyamaza ghafla aliacha kila kitu akaenda kuchungulia.

"Mzima mimi," dada alijibu bila kugeuka. "Rudi kwenye redio yako."

Hakuugua. Hilo ndilo linalotushinda. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, aliketi kitandani kuvaa viatu, akasema, "Kichwa hiki leo kina nini?" akalala ubavu. Hospitali walituambia ni mshipa uliopasuka kichwani. Miaka yote tulikiogopa chumba cha cheche, naye ameondokea chumbani kwake, amevaa kiatu kimoja.

Jumapili simu yake iliita. Shemeji akapokea. Alikuwa fundi wa madirisha, anauliza kama biti zake ziko tayari.

"Subiri nimuulize," Shemeji akasema, akainuka, akaenda na simu hadi karakana, akafungua mlango. Sisi tulikuwa sebuleni. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Kisha tukamsikia:

"Fundi, mke wangu amefariki."

Tangu hospitali alikuwa hajalitamka. Fundi, alivyotusimulia baadaye, alimjibu: "Mzee, usikate. Nakuja." Alikuja kwa miguu, na nguo zake za kazi, wakakaa wawili kwenye benchi la karakana hadi jioni.

Dada yetu ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, na sisi wadogo zake.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado tunahangaika kuamini.