Mtandao Uliokaa Nyongani mwa Pa Vandi

Kijiwe cha Bunge Dogo kiko Kenema, Sierra Leone, pale njia ya sokoni inapopinda kuukwepa mlima. Kina benchi refu la mbao, jiko la mkaa, birika jeusi la ataya, ile chai kali inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu, na kiti kimoja kilichong'olewa kwenye lori kuukuu kikawekwa juu ya matofali. Kwenye kiti hicho hukaa Pa Vandi, mwenyekiti, aliyeendesha malori ya mbao miaka thelathini mpaka moja likapinduka naye, madaktari wakamtia chuma nyongani. Kwenye benchi hukaa Katibu, fundi cherehani anayeandika katiba ya kijiwe katika daftari la vipimo vya suruali. Injinia, anayefungua redio za watu na mara mojamoja kuzifunga. Na Redio, dereva wa bodaboda, ambaye hakuna aliyewahi kumfungua wala kumzima. Ng'ambo ya mtaro Baindu hukaanga bajia za kunde, mwanawe Jebbeh mgongoni, waya wa simu katika sikio moja. Wanaume wale walidhani anasikiliza nyimbo.

Alhamisi hiyo, saa tisa na nusu alasiri, Baindu aliuvuka mtaro na sahani ya bajia ambazo hakuna aliyeziagiza.

— Bajia za bure, — alisema Redio. — Hapa kuna msiba au kuna ombi.

— Ombi, kaka.

— Afadhali msiba. Msiba hauna masharti.

— Mwache aseme, — alisema Pa Vandi. — Sema, binti yangu.

— Pa, nakuomba kiti chako. Kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja tu.

Katibu aliganda, birika likiwa bado hewani, chai ikamwagikia kandambili zake.

— Kiti? Kifungu cha pili: "Kiti cha mwenyekiti hakikaliwi na mtu mwingine, awe mzima au mgonjwa, isipokuwa mwenyekiti amekufa na amekubali."

— Amekufa na amekubali? — Injinia aliuliza.

— Ndivyo ilivyoandikwa. Tuliiandika usiku wa mechi.

Baindu aliweka sahani kwenye benchi. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, akaificha nyuma ya khanga ya mtoto.

— Ninasoma, — alisema. — Kiingereza cha mwaka wa mwisho wa sekondari, kile cha juu, cha kuchambua hadithi na mashairi. Nilikiachia njiani mimba ilipoingia. Masomo yanatoka Freetown, yanapita kwenye simu. Yale yaliyorekodiwa nayashusha alfajiri, nayasikiliza nikikaanga. Lakini kila Alhamisi kuna darasa la laivu. Mwalimu anauliza, unajibu palepale. Nimelikosa mara mbili, mtandao umenikatikia. Mwalimu amesema mtu akikosa mara ya tatu jina linafutwa. Ya tatu ndiyo leo. Na bila Kiingereza hicho chuo cha ualimu hakinipokei.

Redio alimeza bajia iliyokuwa mdomoni.

— Kumbe miezi yote hii zile hazikuwa nyimbo?

— Hazikuwa nyimbo, kaka.

— Na mimi nilikuwa nakuchezea kichwa nikipita na pikipiki! Nikidhani tuko pamoja kwenye mdundo!

— Lakini kwa nini kiti cha Pa? — aliuliza Injinia.

— Kwa sababu mwanawe akipiga kutoka Freetown sauti inakuja safi kama yuko hapa jikoni. Ninyi wengine simu zikiita mnakimbilia barabarani mkipiga kelele. Nimewaangalia mwaka mzima.

Hapo ndipo ombi la Baindu liliposahauliwa kwa muda, kwa kuwa Bunge Dogo lilikuwa limepata hoja.

— Ni kweli! — alisema Injinia, akasimama. — Na sababu naijua. Chini ya kiti hiki kuna almasi. Almasi inavuta mawimbi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Uiname uchimbe, tukuzike hapohapo, — alisema Katibu. — Sababu ni heshima. Penye wazee haliharibiki neno. Mtandao ni nini? Si maneno? Basi.

— Nyote mmepotea njia, — alisema Redio. — Mtandao umekaa kwenye nyonga ya Pa.

— Nyonga?

— Ana chuma ndani! Chuma cha hospitali, kirefu hivi! Huyu mzee ni mnara, jamani. Tumekaa na mnara miaka sita tunampa chai. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Hakinili, kinanichoma tu wakati wa mvua, — alisema Pa Vandi.

— Mvua ikinyesha mtandao unafanyaje? Unasumbua! Na nyonga inafanyaje? Inasumbua! Mnataka ushahidi gani zaidi?

Baindu alitazama saa kwenye simu. Ilikuwa imebaki robo saa. Alitaka kulia, ila mtu mwenye mafuta motoni halii ovyo. Pa Vandi akamwona. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akajivuta polepole, goti moja kisha la pili, akasimama.

— Kaa, binti.

— Pa, kifungu cha pili… — alianza Katibu.

— Katibu, kiandike upya. Kalamu unayo.

Baindu akakaa. Simu ikaonyesha vijiti vitatu vya mtandao. Pa Vandi akajongea mtaroni kunyoosha mguu, hatua tano tu, kikabaki kijiti kimoja, kisha hamna.

— Pa! Rudi! — walipiga kelele wote.

Akarudi. Vijiti vitatu. Wakamtuma tena mtaroni, kwa adabu, kama watu wanaojaribu swichi. Hamna kitu. Akarudi, vitatu. Mara ya tatu hakuna aliyethubutu.

— Nilisema nini? — Redio alinong'ona, kwa kuwa hata yeye alikuwa ameogopa.

— Basi nitasimama hapa, — alisema Pa Vandi. Akajipanga nyuma ya kiti, mkono mmoja nyongani. — Na sikilizeni. Atakayefungua mdomo mpaka darasa liishe, faini yake sukari pakiti mbili. Hata kikohozi.

Saa kumi kamili darasa likafunguka. Sauti ilibidi itoke kwenye spika ya simu, maana ule waya wa sikioni haukuwa na upande wa kusemea. Nyuso ndogondogo zikajaa kiooni, wanafunzi sabini na wawili, wengi wakiwa na makabati ya vitabu nyuma yao. Baindu alikuwa na mlima na kamba ya nguo za Katibu.

— Baindu wa Kenema, — alisema mwalimu, Bi Macauley. — Leo tunakuona.

— Nipo, mwalimu.

Bi Macauley akasoma kifungu ambacho hakuna aliyekiona kabla. Baba anamsindikiza bintiye kituo cha basi alfajiri. Njia nzima analalamika. Begi zito, umepakia kama mchuuzi, barabara mbovu, mama yako alikudekeza, nitachelewa shambani. Basi linaondoka, baba anabaki pale akimlalamikia mtu asiyemjua habari za begi lile. Kifungu kikaishia hapo.

— Nataka mniambie baba huyu anamwonaje mtoto wake. Na mnionyeshe ni wapi mwandishi amesema hivyo.

Katibu, aliyefika kidato cha tatu kabla ya cherehani, alikuwa akimfasiria Injinia kwa midomo tu, bila sauti. Jebbeh akaanza kunung'unika mgongoni. Kabla Baindu hajageuka, Katibu alikuwa amemfungua mtoto, amemviringisha katika kitambaa cha suti ya mteja, anatembea naye ng'ambo. Harufu ya kuungua ikaja. Injinia akaruka mtaro, akaanza kugeuza bajia kwa bisibisi. Barabarani bodaboda nne zilikuwa zikishuka kwa honi. Redio, mdomo ukiwa umejaa bajia nzima ili usimponyoke, aliwasimamisha katikati ya njia, mikono juu. Akawaonyesha simu, akawaonyesha Baindu, akaunganisha viganja kama anayesali. Wakazima injini. Wakapita wakisukuma kwa miguu, mmoja mmoja, kofia mkononi, kama wanapita msibani.

Baindu aliyaona yote kwa pembe ya jicho.

Kijana mmoja wa Freetown, Ransford, alikuwa akijibu kwa Kiingereza kilichonyooka kama kimepigwa pasi. Baba ni mkali, alisema. Ana ubinafsi. Kila sentensi yake ni lawama. Anamwona binti kama mzigo, na begi ni alama ya mzigo huo. Wenzake wakamwunga mkono.

— Kuna mwenye mawazo mengine? — aliuliza Bi Macauley. — Baindu?

Nyuma yake alisikia Pa Vandi akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Akasikia pumzi yake, na mguno mdogo.

— Mguu huu wa shetani, — mzee alinung'unika chini kwa chini. Lakini hakusogea.

Baindu akafungua mdomo. Kiingereza kilikuja polepole, kisha kikaja chenyewe.

— Mwalimu, hakulitua.

— Nani hakutua nini?

— Baba. Hakulitua begi. Mwandishi anasema alilibeba kwa mkono wa kulia. Wakifika darajani liko mkono wa kushoto. Kwenye mteremko liko begani. Kituoni liko kichwani. Analalamika njia nzima, lakini hakuna mahali begi limegusa chini, na hakuna mahali binti amelishika.

— Lakini maneno yake ni makali, — Ransford aliingilia. — Ni lazima tuamini maneno yaliyoandikwa.

— Na mikono imeandikwa pia, kaka. Mwandishi angeweza kusema mara moja tu kwamba begi ni zito. Badala yake ametuonyesha kila mahali lilipobebwa. Kuna watu hawajui kusema "nakupenda", mdomo unawasaliti. Wao hulalamika, na huku wamesimama palepale.

— Na mwisho? — aliuliza Bi Macauley. Sauti yake ilikuwa imeshuka. — Binti ameshaondoka. Kwa nini bado analalamika?

Baindu alifikiri. Kijiwe kizima kilifikiri naye.

— Kwa sababu binti ameondoka na kila kitu, mwalimu. Baba amebaki na maumivu ya mkono tu. Akiacha kuongea habari za begi, hatakuwa na chochote cha binti yake cha kurudi nacho nyumbani.

Spika ikanyamaza. Baindu akadhani mtandao umekatika. Akatazama vijiti, vitatu. Akamtazama Ransford kiooni, alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika.

— Baindu, — alisema Bi Macauley, — rudia hilo polepole. Wenzako waandike.

Akalirudia. Wanafunzi sabini na mmoja wakaliandika neno la muuza bajia wa Kenema, naye Baindu akasubiri mpaka wa mwisho alipoinua kalamu.

— Jina lako halifutwi, — alisema mwalimu. — Alhamisi ijayo wewe ndiye utakayefungua mjadala.

Kioo kilipozimika, Redio alimeza ile bajia yote kwa mkupuo, akaruka juu ya benchi.

— Ameandikwa! Mmeona? Freetown nzima imeandika! Wenye makabati wameandika!

— Hakulitua! — Injinia alipiga kelele toka ng'ambo, bisibisi juu. — Mimi nilijua tangu darajani!

— Ulijua nini, wewe ulikuwa unachoma kunde!

Wale wa bodaboda, ambao kumbe hawakuwa wamefika mbali, wakapiga honi zote walizozibana kwa saa nzima. Katibu alirudi na Jebbeh aliyelala, machozi yakimtoka waziwazi.

— Baba yangu mimi, — alisema, — alinipeleka mji wa Bo kujifunza cherehani. Alinitukana njia nzima. Na kumbe ile cherehani aliibeba yeye!

Baindu alisimama, akamgeukia Pa Vandi, akainama akamshika mikono yote miwili, pamoja na unga wake.

— Ahsante, Pa.

— Ahsante ya nini, nimefanya nini? Mguu umekufa ganzi, jua limenipiga, chai sijanywa.

— Ndiyo, Pa, — alisema Baindu, akicheka na kulia. — Nimesikia.

Pale kando alikuwa amesimama mama mmoja na kikapu cha samaki wakavu. Alikuja kununua bajia, akakuta kimya, akaheshimu akangoja. Ndiyo kwanza amehamia mtaa ule.

— Samahanini, — alisema. — Mimi mgeni. Huyu mzee alikuwa amesimamishwa kwa kosa gani?

Wakamweleza wote kwa pamoja, kwa fahari, chuma, mnara, vijiti vitatu, mtaro, majaribio mawili. Injinia akatia na almasi, isije ikapotea. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

— Nimeelewa. Chuma kiwe karibu na simu.

— Hasa! — alisema Redio.

— Na hapa, kwenye benchi, kando kabisa ya kiti, alikuwa amekaa nani?

Wakatazama benchi.

— Hakuna mtu, — alisema Katibu.

— Basi mzee si angekaa?

Injinia aliikagua bisibisi yake. Katibu alilifungua daftari, akapekua kurasa za suruali mbele na nyuma. Pa Vandi alikuwa ameugeuzia uso mlima, na Baindu, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, hakuweza kujua kama mzee anacheka.

— Katibu, — alisema Pa Vandi, — mpe mgeni chai.

Katibu akainua birika. Lilikuwa limekauka kavu juu ya makaa. Saa nzima hakuna aliyethubutu kuligusa, lisije likalia.