Pak Yansen na Saini za Kalamu Moja

Tarehe 31 Oktoba, Pak Yansen Tundang (kwetu Pak ni Mzee, na Bu ni Mama) anavua buti za Kituo cha Zimamoto ya Misitu cha Tumbang Rangas, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzima moto unaokwenda chini kwa chini kwenye ardhi ya mboji. Tumeambiwa tuandike wasifu wa furaha. Tutajaribu, ila mengine yanatukaa kooni.

Alianza kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, akaurudia mara kumi na sita kabla ya kupewa barua ya ajira. Sifa yake ya kwanza ni nyayo. Huvua buti, akatembea taratibu juu ya udongo, kisha akasimama na kusema, “Hapa anapumua.” Tukichimba, moto tunaukuta. Siku moja alikuwa peku mbele huku buti zake zikiungua nyuma, na ofisi ikamtaka aeleze kwa maandishi ilikuwaje buti ziungue na miguu ibaki mizima. Alijibu kwa mstari mmoja: miguu ni yangu, naitunza.

Ni yeye aliyeongoza madai yetu ya mishahara na pensheni. Kwa miaka mitano alipanda boti kwenda mkoani na bahasha ya barua, na kopo la wali na machipukizi ya mitete aliyofungiwa na mkewe, Bu Mariati. Posho ya moshi ilipatikana. Kisha likaja jambo kubwa zaidi: miaka ya mkataba ingehesabiwa kwenye pensheni, mradi daftari la mahudhurio lithibitishe, na uhakiki ungefungwa mwisho wa Septemba hii.

Daftari ndilo lililotuponza. Halitoki ofisini, na moto uko mwendo wa saa tisa kwa boti. Kwa hiyo siku zote tulikaa porini siku kumi, tukirudi tunatia saini zote kumi kwa mkupuo. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Mhakiki, Bu Ratmini, alifungua ukurasa, akafungua mwingine, akavua miwani.

“Hizi zimetiwa siku moja. Kalamu moja, mkupuo mmoja.”

Kila mtu chumbani alimwomba Mungu Pak Yansen anyamaze. Hakunyamaza.

“Ndiyo, Bu. Siku ya kurudi.”

“Basi kwa serikali hizi ni za kughushi, Pak.”

Watu ishirini na wanane tulipoteza miaka yetu pale pale. Mimi ninayeandika kwa niaba ya wenzangu nakiri kwamba siku ile nilitamani kumkaba mzee wa watu. Yeye alikuwa akitazama pampu dirishani. Halafu akauliza kama serikali inaamini mabomba.

Kila kisima tunachotoboa kando ya mfereji ili kupata maji, tunaandika kwa rangi kwenye bomba lake majina ya waliokitoboa na tarehe. Ni desturi ya kujigamba tu, wala haimo kwenye kanuni yoyote. Visima viko hamsini na vinne. Vya karibu ni vipya, na vya ndani kabisa ni vya miaka sita ya kwanza ya Pak Yansen, alivyotoboa na wenzake ambao leo wote ni marehemu. Bu Ratmini alisema ataamini atakachokiona kwa macho yake, akaazima buti.

Siku ya pili alikuwa amepiga picha visima thelathini na vitano upepo ulipogeuka. Moto ulipasuka pande mbili: mbele, penye visima vya zamani, na mashariki, penye mashamba ya mpira na shule ya Handil Raya. Pampu tulikuwa nayo moja. Mimi ndiye niliyeshika mpira wa maji, na nilikwisha kuuelekeza mbele.

“Pak, mabomba yako hayo!” nilipiga kelele.

“Mabomba hayana watoto! Geuza mpira, wewe! Geuza!”

Niligeuza. Tulipambana hadi jua likazama, Bu Ratmini naye akivuta mpira nyuma yetu, uso mweusi kwa masizi kama sisi. Shule ilipona. Mabomba kumi na tisa ya plastiki yaliyeyuka, majina na tarehe zake zote.

Barua imekuja wiki iliyopita. Sisi ishirini na saba tumehesabiwa miaka yetu yote ya mkataba. Pak Yansen amehesabiwa kumi, na mbele ya sita ya mwanzo wameandika “hakuna ushahidi”. Aliisoma, akasema kumi si haba, akaenda kuosha pampu. Kwake si haba. Kwetu ni aibu, na tunaisema wazi mbele ya wageni wote wa leo.

Rufaa yake itasikilizwa tarehe 20 Novemba. Bu Ratmini ameandika alichokiona. Nasi tunapeleka ukurasa huu uwe ushahidi: kwamba wale wa zamani kati yetu tulivikuta visima vile, tukasoma jina lake kwenye mabomba, tukanywa maji ya visima hivyo.

Asante, Pak, kwa kila kipande cha ardhi ulichokikanyaga kwanza ili sisi tusizame motoni. Lala hadi uchoke kulala, wewe na Bu Mariati, na miguu yako ikanyage ardhi baridi siku zote.

Hapa chini ziko saini zetu ishirini na saba. Zimetiwa siku moja, kwa kalamu moja. Anayetaka kusema ni za kughushi aje kituoni, tupo wote.