Kumkabidhi Sista Tabea Kliniki ya Saratani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Mchungaji, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, Bibi Sherbanu uliyetununulia viti tisa vya wagonjwa wa dripu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wagonjwa wetu wa hapa Usa River na wa huko juu mlimani: wazee shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Naitwa Dokta Arnold. Kwa miaka miwili nimekaimu nafasi ya mkuu wa kliniki hii ya saratani, na leo nimeagizwa kumkabidhi Sista Tabea, muuguzi aliyebobea katika saratani, nafasi niliyoiomba mwenyewe. Siwezi kudanganya mbele ya mchungaji. Naona wivu. Alipoingia yeye mlipiga vigelegele mpaka turubai likatikisika. Nilipoingia mimi, mtu mmoja alikohoa.

Siku nilipopata habari nilimuuliza mke wangu Lilian, "Tangu lini muuguzi akampangia daktari zamu?" Akanijibu, "Tangu daktari aliposhindwa kuzipanga." Sikula siku ile. Miaka yote miwili mmemsifu huyu dada, mmemletea maparachichi na mikungu ya ndizi, nami nikajisemea kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikawa nangoja niyaone hayo maji. Mpaka leo sijayaona.

Ngojeni niwaambie kilichoniangusha. Kliniki yetu ilikuwa Jumatano. Kila Jumatano viti vinne vilibaki vitupu, nami nikaandika kwenye mafaili, "Mgonjwa mtoro." Mama Ndesanjo, umeniruhusu nikutaje: nilikuandika mtoro mara tatu, na uvimbe ukaanza kurudi. Sista Tabea akaniwekea mafaili mezani akasema, "Dokta, hawa si watoro. Jumatano ni soko la Tengeru. Mama huyu asipouza ndizi, nauli ya kuja huku ataipata wapi?"

Ndugu zangu, kuna mtu hapa asiyejua siku ya soko la Tengeru? Yupo, ni mimi! Mimi niliyesomeshwa na mama kwa ndizi za soko hilohilo, niliyebeba mikungu kabla sijajua kushika kalamu!

Tukahamia Jumanne, viti vikajaa. Kwenye usaili wa nafasi hii waliniuliza ni nani aliyeligundua jambo lile. Nikajibu, "Timu." Timu gani, jamani? Alikuwa mtu mmoja, na huyo hapo amekaa.

Sista, pokea ufunguo wa kabati la dawa na daftari la zamu. Pokea na hii: ni barua yangu ya kuomba uhamisho, niliyoiandika kwa hasira wiki iliyopita. Kwa kuwa wewe sasa ndiye mkuu wangu, lazima ipitie kwako. Ukiisaini, nitaondoka bila neno. Ukiichana, Jumanne nitakuwa wa kwanza mlangoni, na wivu wangu nitakuja nao, lakini nitapanga foleni kwenye zamu zako kama wengine.

Mama Ndesanjo, nakuona unavyomwashiria Sista kwa mikono miwili aichane. Kumbe uliyeandikwa mtoro ndiye unayenizuia nisitoroke.

Asanteni sana kwa kunisikiliza na kunivumilia.